Salamu Bado

6 Oktoba

Geti limefungwa leo kwa mara ya kwanza. Mume wangu, Paschal, alilifunga mwenyewe, akalifungua, akalifunga tena, kisha akasimama kulitazama mikono ikiwa kiunoni. Marcelo, fundi aliyejenga ukuta, alikuwa anaosha mwiko wake kwenye ndoo. Akasema, "Bosi, hapa hata sisimizi atabisha hodi." Paschal alicheka mpaka akakohoa.

Daftari hili nimelitoa kwenye boksi la vitu vya saluni. Saluni yangu ya mjini Bariadi niliifunga mwezi wa nane ili tuhamie huku kwao, upande wa Ngulyati, na tangu hapo mikono yangu haina kazi na mdomo hauna wa kuongea naye. Nilizoea kusuka kichwa cha mtu huku nasikia habari za mji mzima. Sasa nina nyumba yenye vyumba nisivyoviingia, mama mkwe asiyependa kukaa sebuleni, na ukuta. Mume wangu siku nyingi yuko Lamadi na malori yake ya samaki. Goodness, mwanetu, yuko chuo Dodoma. Basi nitaandika.

9 Oktoba

Joto na vumbi. Nimeuzunguka ukuta kwa ndani, nikarudi nilikotoka, nikauzunguka tena.

11 Oktoba

Milembe amechelewa. Ni mjane, anakaa hapo juu tu, nyumba ya kwanza nyuma ya ukuta, na huwa anakuja kutufulia. Leo alifika miguu imejaa vumbi hadi magotini.

"Nimezunguka kule bondeni, mbugani," akasema.

"Kwa nini uzunguke wakati kwako ni hapo?"

Akanitazama kama mtu anayeulizwa jina la mama yake. "Nipite wapi, mama Goodness?"

Sikujua. Mimi nilikuja tofali zikiwa zimeshapangwa. Akanionyesha kwa kidole kinachotiririka povu: njia ilishuka kutoka kitongojini, ikapita mlangoni kwake, ikaingia hapa palipotandazwa vitofali, ikapita ubavuni mwa jiko la zamani la mama mkwe, ikatokea pale lilipo geti, hadi kisima cha pampu na barabara ya lami. Watu walipita, ng'ombe walipita, maharusi walipita, na jeneza la mume wake nalo lilipita.

"Hapo mnapoegesha gari," akasema, "ndipo nilipopita na ndoo yangu ya kwanza nilipoolewa."

Nimempigia Paschal. Amesema, "Ile si njia, Winnie, ni mazoea. Kwenye ramani ya viwanja haipo."

13 Oktoba, Jumapili

Mzee Masalu amekuja na wazee wenzake wawili. Ni mwenyekiti wa mtaa. Juzi juzi tu huku kulikuwa kitongoji cha kijiji, sasa ni mtaa wa mji. Nikawawekea viti uani na soda. Soda hawakuzigusa.

"Paschal, mwanangu," Masalu alianza, taratibu, "hatujaja kugombana. Ukuta ni mzuri. Tuachie mlango tu. Mlango wa mtu na ng'ombe wake."

"Mzee, kiwanja kimepimwa, vigingi vimewekwa. Mji umekuja. Na mjini watu hawapiti uani kwa mtu."

"Mji umekuja kwako. Kwetu umeleta kibao cha jina tu."

Wenzake wakaguna. Paschal akasogeza kiti. "Sikilizeni. Mimi si mtu mbaya. Nimechimba kisima kirefu, nina tenki. Nitatoa bomba nje ya ukuta, kila mtu achote bure. Mtu aende tena kule chini kwenye pampu kufanya nini?"

"Hatukuomba maji," Masalu akasema. "Maji yapo. Tumeomba njia."

Waliondoka kwa heshima, mmoja mmoja, fimbo mbele. Mama mkwe wangu, Kwandu, alikuwa jikoni kwake muda wote akikata viazi vya michembe, vya kuanika. Hakutoka kuwasalimia watu aliokua nao. Niliona ni kiburi cha uzee.

Niandike ninavyofikiri: Paschal ana haki. Alianza kwa kubeba matenga ya dagaa Lamadi. Amejenga kwao, hakukimbilia Mwanza kama wengine. Wanachomwonea ni wivu tu.

19 Oktoba

Bomba lipo nje ya ukuta, limejengewa na kijukwaa cha kuwekea ndoo. Hakuna aliyechota.

20 Oktoba

Hakuna aliyechota. Mbuzi wa mtu wanakunywa yanayodondoka.

24 Oktoba

Asubuhi Milembe alisimama nje ya geti, hakuingia. Akanipa ufunguo wa stoo na aproni niliyomshonea, imefuliwa na kupigwa pasi.

"Jana nzengo imekaa," akasema. Nzengo ndio majirani wote wa hapa, na wakikaa wakiamua jambo, hilo ni jambo. "Mmetengwa. Hakuna kuwasalimia, hakuna kuwapa moto wala kuomba moto kwenu, hakuna kuwafanyia kazi. Mkiwa na furaha mfurahi wenyewe. Mkiwa na msiba mzike wenyewe. Atakayewasalimia anatozwa ng'ombe. Mimi sina ng'ombe, mama Goodness. Nina jogoo."

Nilicheka. Yeye hakucheka.

"Na mama Kwandu?"

"Anakaa ndani ya ukuta wenu. Naye yumo." Akapiga goti kidogo, kama wanavyofanya wanawake wa hapa. "Hii ndiyo salamu ya mwisho. Mwangaluka, mayu."

Sikuwahi kujifunza vizuri kuitikia Kisukuma. Nilipopata neno la kusema alikuwa ameshafika kwenye kona ya ukuta.

25 Oktoba

Nimekwenda dukani kununua chumvi. Mwenye duka alikuwa anapanga viberiti. Nikamwamkia. Akaendelea kupanga. Nikarudia, akavipangua na kuvipanga upya. Vijana wa bodaboda walikuwa wawili pale nje. Nilipoinua mkono, wote wakakumbuka kukagua minyororo yao.

Nimetembea hadi lami, nikapanda gari la abiria, nikanunua chumvi mjini. Sokoni nimepishana na watu wengi mno na hakuna aliyenisalimia, na sikuumia hata kidogo. Mjini nimeishi hivyo miaka yote. Mbona huku mtu mmoja mwenye viberiti amenifanya nilie ndani ya gari?

3 Novemba, Jumapili

Kanisani, padri aliposema tupeane amani, mama aliyekaa kando yangu, jirani wa hapo juu, alinipa mkono akiangalia madhabahu. Mkono ulikuwa wa moto na mgumu. Niliushika kidogo zaidi ya inavyotakiwa. Misa ilipokwisha, alinipita mlangoni kama nguzo.

4 Novemba

Mawingu. Hayakufanya kitu.

8 Novemba

Mvua! Imekuja mchana kutoka upande wa Serengeti, kwanza upepo, halafu harufu ya udongo, halafu ikamwagika. Mama Kwandu alisimama uani akalowana makusudi.

Ilipokatika, nyuma ya ukuta kulikuwa na kelele za watu na maksai. Kila mtu anawahi kulima. Nimeanza kuwatambua kwa sauti: huyu anayeswaga ng'ombe kwa miluzi, huyu mwenye kikohozi, huyu Milembe anayecheka kabla hajamaliza kusema. Nimesimama karibu na ukuta muda mrefu hadi nikajiona mjinga.

Shamba la mama Kwandu huwa linalimwa na maksai wa majirani, naye huwapikia. Leo alichambua mbegu zake za pamba, akaziweka kwenye beseni, akasubiri. Hakuna aliyekuja. Paschal amesema kwa simu ataleta trekta. Mama akajibu, "Trekta litakula ugali wangu?"

12 Novemba

Trekta limekuja, limelima, limeondoka. Mama Kwandu hakutoka hata kulitazama.

Saa nne akatoka na kigoda, chungu chake cha kupikia mlenda na blanketi. Nikamfuata mpaka getini.

"Mama, unakwenda wapi?"

"Kwa mdogo wangu, kule juu. Nimekwenda kwa wazee nikatoa fahali mmoja, wamenipokea. Mimi peke yangu. Nyinyi bado."

"Kuna chumba chako kizuri hapa, mama. Kuna kitanda, kuna feni."

"Kipo. Nimekilala. Asubuhi nikiamka nasikia watu wanapita nyuma ya ukuta wanakohoa, nawajua, na hawaniiti. Mkamwana, mimi nimewapokea nusu yao walipozaliwa." Akanishika bega. "Siwezi kuwa maiti inayosubiri kufa."

Nikamsaidia kubeba chungu mpaka kwenye kona ya ukuta. Hapo akakipokea, maana zaidi ya hapo watu wangeniona naye.

13 Novemba

Mvua.

14 Novemba

Mvua. Nimefagia vyumba vyote. Nimevifagia tena.

17 Novemba

Paschal amerudi, amekuta mama hayupo. Nilidhani atafoka. Alikaa kwenye ngazi za baraza, akikwangua tope la viatu. Nami sikuweza kunyamaza; maneno ya mwezi mzima yalikuwa yamenijaa. Nikamwambia fungua mlango mmoja tu, unapoteza nini?

Akanijibu bila kunitazama. "Unajua nani alikuwa anapita hapa? Ng'ombe wa baba yake Masalu. Walikuwa wengi, wakianza kupita unaweza ukaenda kisimani ukarudi hawajaisha. Sisi tulikuwa na kashamba ka karanga hapo penye tenki. Kila mwaka zilikanyagwa. Baba aliweka miiba, wakaiondoa. Akaenda kulalamika, wazee wakamwambia njia ni ya wote. Ya wote! Wenye ng'ombe ndio waliokuwa wote. Sisi tulikuwa na mbuzi mmoja. Baba alikuwa anasimama pembeni, anavua kofia mpaka mkia wa mwisho upite."

"Hukuwahi kuniambia."

"Ningekwambia nini? Kwamba tulikula karanga zilizookotwa kwenye kwato?"

Akaingia ndani. Nimebaki nje nikilitazama tenki. Nilimwona Masalu kama mzee wa watu anayeonewa. Nilimwona Paschal kama tajiri anayeringa. Sasa sijui nimwone nani vipi. Njia moja, na kila mmoja aliipita kwa namna yake.

Lakini karanga za Paschal hazikukanyagwa na Milembe.

21 Novemba

Mvua kubwa tangu alfajiri. Paschal yuko Lamadi. Nilisikia kishindo nyuma ya ukuta, halafu kelele, halafu sauti ya Milembe ikiita watoto wake.

Nilitoka getini, nikazunguka ukuta mzima mbio, kandambili zikabaki kwenye tope la mbugani, tope jeusi linalovuta mguu kama linataka kuuhifadhi. Nilipofika nikaelewa. Maji yote ya mlimani yalikuwa yakishuka kwa njia ile ya zamani. Sasa yanafika kwenye ukuta wetu, yanasimama, yanarudi nyuma. Kulikuwa na bwawa. Nyumba ya Milembe imesimama ndani yake kama mtu aliyechutama, na kona ya chumba cha kulala imeanguka. Tofali zake ni za udongo, hazijachomwa.

Watoto wako salama. Watu walikuwa wanatoa magodoro, gunia la mahindi, vyombo. Walijipanga mstari na kupokezana. Nikajipanga nao. Aliyekuwa mbele yangu alipopata sufuria alinipita, akampa aliye nyuma yangu. Nikainama nikachukua beseni mwenyewe, nikalinyoosha. Hakuna aliyelipokea. Nimesimama na beseni la Milembe mikononi, mvua inanipiga, watu wanapokezana vitu pande zote mbili za mwili wangu.

Milembe alinitazama mara moja. Sikuona chuki. Aliona aibu kwa ajili yangu, na hilo lilinishinda. Nikaliweka beseni mahali pakavu, nikaondoka.

22 Novemba

Nimempigia Paschal nikamweleza. Akasema atamjengea Milembe nyumba ya tofali za kuchoma. Nikamwambia, "Bomba lingine hilo." Akakata simu.

30 Novemba

Mvua, jua, mvua. Bwawa nyuma ya ukuta halikauki. Vyura usiku kucha. Upande wa ndani, rangi ya ukuta imeanza kubabuka kwa chini na kutoa jasho.

4 Desemba

Leo ni mengi, nivumilie, daftari.

Paschal alikuja jana. Leo asubuhi mvua ilianza tena na tukaona ukuta wa upande wa juu umeota tumbo, umevimba kuja ndani. Akasema leo atatoboa chini maji yapite, kesho Marcelo ataweka bomba la kupitishia. Akachukua sululu. Nikamwambia asubiri fundi. "Fundi yuko Lagangabilili," akasema, "na maji yako hapa."

Alipiga mara kadhaa. Mkondo mdogo wa maji ya kahawia ukatoka, akageuka kunionyesha, anatabasamu kabisa. Ndipo ukuta ukaja.

Haukuanguka kama ninavyojua vitu kuanguka. Ulilala. Kipande kizima kililala juu yake na maji yakafuata. Nilipofika nilikuta kichwa na bega moja tu viko nje. Nilivuta tofali moja, mbili, nyingine zilikuwa zimeshikana na nondo, siziwezi. Maji yalikuwa yanamfika shingoni. Alikuwa ananiangalia.

Nikapiga yowe.

Sijawahi kupiga yowe maishani. Mjini mtu hupiga simu. Nilipiga lile nililolisikia likipigwa siku majirani walipoibiwa ng'ombe, mkono mdomoni, sauti ikikatika na kurudi. Halafu nikanyamaza nisikilize. Kulikuwa na mvua tu. Nikakumbuka kwamba tumetengwa. Nikapiga tena, na katikati ya hilo la pili nikawaona, kwenye pengo palipokuwa na ukuta, wanakuja wakiruka maji. Mbele alikuwa Masalu, kavua shati, na nyuma yake yule mwenye duka, na vijana wa bodaboda, na Milembe na chepe.

Hawakusema neno na mimi. Walisemezana wenyewe, Kisukuma kifupi kifupi: inua, shikilia, bado, sasa. Masalu alijilaza kifudifudi kwenye maji akaweka bega lake chini ya kile kipande, uso wake ukiwa karibu na wa Paschal kama watu wanaonong'onezana. Walipomtoa, mguu wa kulia ulikuwa umegeuka upande usio wake. Alipiga kelele moja, nikafurahi kuisikia.

Gari letu lilikuwa limezama kwenye tope. Wakaleta kitanda cha kamba, wakamlaza, wanaume sita wakakibeba. Wakaondoka pale pengoni, wakakatiza uwanja wetu, wakapita kando ya jiko la mama. Mimi nikatangulia mbio nikafungua geti, mabawa yote mawili. Wakatoka moja kwa moja mpaka lami bila kuzunguka popote. Hapo wakasimamisha pikapu ya mizigo.

Nilipokuwa napanda nikamshika Masalu mkono. "Mzee, asanteni. Asanteni sana."

Akautoa mkono wake polepole. Alikuwa anatoka damu begani.

"Yowe tunaitika," akasema. "Salamu bado."

7 Desemba

Hospitali. Mguu umevunjika sehemu mbili, mbavu zimeumia. Daktari anasema atatembea. Mama Kwandu anamlisha uji kwa kijiko kama mtoto naye anakubali.

10 Desemba

Marcelo amekuja nyumbani na vijana wake kujenga upya. Paschal amempigia kutoka kitandani: safari hii msingi uingie chini zaidi, nondo nene.

Watu walikuwa wanapita. Tangu siku ile pengo lipo, wanapita, wanatazama mbele. Ndoo, baiskeli, ng'ombe wachache. Nilikuwa nawatazama kupitia dirisha la jikoni, na Marcelo ananiuliza, "Shemeji, tuanzie wapi?"

Nikatoka. Nikamwambia, "Ondoa kifusi chote. Hapa jenga nguzo, na pale jenga nguzo, upana wa mkokoteni wa ng'ombe. Katikati usijenge kitu."

"Bosi amesema..."

"Bosi yuko hospitali. Mimi niko hapa."

Akakuna kichwa. "Na geti la chini?"

"Litafungwa usiku tu."

Akafanya kazi bila kunitazama usoni. Niliingia ndani nikafunga mlango utadhani nimeiba.

11 Desemba

Nilikwenda kumwambia mwenyewe kabla hajaambiwa na mwingine. Paschal alisikiliza hadi mwisho.

"Na hao watu wako, wamekusalimia?"

"Hawajanisalimia."

"Basi umewapa bure."

"Walikubeba, Paschal."

"Walinibeba, na bado hawanisalimii. Unaona walivyo? Hata kukuokoa wanakuokoa kwa sheria." Akaugeuzia uso ukuta wa wodi. "Nimefanya kazi maisha yangu yote niwe na mahali ambapo mtu hapiti mpaka niseme pita."

Nilimmenyea chungwa. Hakulila.

18 Desemba

Ameruhusiwa kutoka, lakini hakurudi nyumbani. Amekwenda Lamadi, kwenye chumba chake karibu na magari. Anasema huko ni rahisi kusimamia kazi. Amekaa kiti cha mbele cha lori, mguu wa plasta umenyooshwa, hakuniaga vizuri.

25 Desemba

Krismasi. Goodness amepiga simu, anauliza kwa nini sauti yangu imekauka. Nimepika pilau ya watu wengi kwa mazoea, nimekula peke yangu mlangoni. Watu wanapita na nguo mpya. Hakuna anayegeuka. Mtoto mmoja aligeuka, mama yake akamvuta.

4 Januari

Mama Kwandu amekwenda kwa wazee kutuombea. Wamemjibu kwamba njia wameiona, wanashukuru, ila aliyefunga ndiye anayeomba. Paschal aje mwenyewe na kinywa chake.

Nimemtumia ujumbe. Ameusoma.

9 Januari

Pamba imeota kila mahali, na majani nayo. Vikundi vya wanawake vinapalilia, leo kwa huyu kesho kwa yule. Nawasikia. Siwezi kukaa ndani, siwezi kukaa nje.

15 Januari

Leo nimenunua jembe mjini, nikalitia mpini dukani hapo hapo, nikaenda moja kwa moja shambani kwa Milembe. Wanawake walikuwa wamejipanga, kila mmoja na mstari wake. Sikuamkia mtu, nisije nikamtia mtu hatarini kuitikia. Nikachukua mstari wa mwisho, wa pembeni, nikaanza.

Jua lilikuwa kali baada ya mvua. Udongo ulishika jembe. Wenzangu walikwenda, wakafika mwisho wa shamba, wakageuka, wakanipita wakirudi. Viganja vilitoka malengelenge, yakapasuka. Hakuna aliyeniambia ondoka. Hakuna aliyeniambia chochote.

Ndipo Milembe alipofika kwenye mstari wangu. Akasimama. Akainama, akaokota mche wa pamba, akaokota mwingine, akanionyesha mizizi yake.

"Wewe!" akasema kwa sauti. "Unakata pamba, unaacha majani!"

Shamba zima likanyamaza. Kisha mtu akaguna, mwingine akapasuka kicheko, na wote wakashika viuno wakacheka, hadi yule mama wa kanisani, hadi mama Kwandu aliyekuwa amekaa kivulini pembeni. Nami nikacheka mpaka machozi yakanitoka. Kunigombeza hakukuwa kwenye orodha ya mambo waliyokatazwa.

Simu ikaita katikati ya kelele hizo. Paschal.

"Nani hao?"

"Majirani. Niko shambani kwa Milembe."

"Wanacheka nini?"

"Wananicheka mimi. Nimemkatia pamba yake."

Nikasikia injini za malori upande wake. Nikangoja anikasirikie.

"Unashika mpini mwishoni," akasema. "Ndiyo maana. Sogeza mkono wa kushoto mbele, karibu na chuma. Usinyanyue juu, vuta tu. Kwani mama hajakufundisha?"

"Hajanifundisha."

"Mvua imenyesha huko?"

"Imenyesha vizuri."

"Na njia? Haina tope?"

"Inapitika."

Injini moja ikazimwa upande wake. "Mwambie mama nakuja Jumamosi. Nitaanzia kwa Masalu, kabla sijafika nyumbani. Asinipikie kitu, sijui nitakaa huko muda gani."

Nikaweka simu kwenye kanga. Milembe alikuwa bado amesimama na ile miche miwili, anajifanya anatazama mawingu. Nikasogeza mkono wa kushoto mbele, karibu na chuma, nikavuta. Majani yakatoka, pamba ikabaki. Nikapiga hatua, nikavuta tena.